Kwa Nini Makka ni Jangwa na Kongo ni Msitu?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, bibi mmoja, jirani wa madrasa yetu, aliporudi kutoka Hija alitualika nyumbani kwake. Alitugawia tende na maji ya zamzam, kisha akawaonesha watoto picha alizopiga huko: milima mitupu ya mawe, rangi ya kahawia, bila ya mti. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Bibi, mbona huko hakuna miti?" Kabla bibi hajajibu, mwenzake akadakia, "Kwa sababu jua la huko ni kali kuliko la kwetu." Wengi wakaafiki, na sisi walimu tuliokuwapo tulikaribia kuafiki pia.

Lakini jibu lile lina kasoro. Mstari wa ikweta unapita katikati ya misitu ya Kongo, na jua huko hupiga utosini mwaka hadi mwaka. Ikiwa jua kali peke yake ndilo linaloleta jangwa, basi Kongo ingekuwa jangwa kabla ya Makka. Mbona imekuwa msitu mnene usiopenya mwanga? Siku ile tuliwaahidi watoto kwamba tutalijibu swali hili katika jarida letu, na makala hii ndiyo ahadi yenyewe.

HALI YA HEWA NA TABIA YA NCHI

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mvua iliyonyesha jana na joto la leo huitwa hali ya hewa. Tabia ya nchi, au tabianchi kama inavyoandikwa siku hizi, ni mazoea ya hali hiyo kwa muda mrefu. Wataalamu huchukua vipimo vya miaka 30 ndipo waseme nchi fulani ina joto kiasi gani na mvua kiasi gani. Mtu akikasirika siku moja hatusemi kuwa ni mkali. Akikasirika kila siku kwa miaka, hiyo ndiyo tabia yake.

Tabia ya nchi ndiyo inayoamua mimea gani iote, na mimea ndiyo inayoamua wanyama gani waishi hapo. Sehemu kubwa za nchi kavu zenye tabia moja ya nchi hufanana kwa mimea yake hata zikiwa mbali mbali. Wataalamu huziita biomu, na sisi tutaziita kanda za uoto. Mtaalamu Wladimir Köppen, aliyezaliwa Urusi mwaka 1846, alipochora ramani za tabia ya nchi za dunia aliitazama mimea kuwa ndiyo shahidi wake, kwa sababu mti hauwezi kudanganya kuhusu mvua ya mahali ulipoota.

Mambo ya kuangalia ni matatu: joto ni kiasi gani, maji ni kiasi gani, na vitu viwili hivyo huja wakati gani wa mwaka. Hili la tatu wengi hulisahau.

TUANZE NA KIVULI

Kila mwanafunzi wa madrasa anakijua kivuli, kwa sababu ndicho tunachojifunzia nyakati za Sala. Jua likishapinduka ndipo inapoingia Adhuhuri, na kivuli cha kitu kikifikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa, ndipo inapoingia Alasiri. Basi elimu hiyo hiyo itatusaidia hapa.

Pwani yetu, katika siku za mwanzo wa Machi na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini, na kijiti kilichosimama wima karibu kikose kivuli. Makka jua husimama juu ya Al-Kaaba mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, na watu wa nchi za mbali huzitumia siku hizo kusahihisha kibla. Sasa nendeni Helsinki, mji mkuu wa Finland, kwenye nyuzi 60 kaskazini. Mwezi wa Disemba kijiti cha mita 1 hutoa kivuli cha karibu mita 9, na hiyo ni saa sita mchana.

Maana yake nini? Chukueni tochi gizani na muimulike chini wima. Mtaona duara dogo lenye mwanga mkali. Ilazeni tochi ubavu, mwanga ule ule utasambaa pahali parefu na utafifia. Joto la jua ni hivyo hivyo. Miale inayopiga wima hujaa mahali padogo, na miale iliyolala hutandazwa mahali pakubwa. Ndiyo sababu ya kwanza ya nchi za ikweta kuwa na joto na nchi za ncha za dunia kuwa na baridi.

Waislamu waishio Helsinki waliifunga Ramadhani ya mwaka 2016 mwezi wa Juni, wakati ambapo mchana wa huko hufika saa 19 hivi, na ukihesabu tangu alfajiri funga inazidi hapo. Hata hivyo joto lao halikulingana na la Khartoum wala Makka. Jua lilikaa muda mrefu mbinguni, lakini lilikaa limeinama.

UPEPO UNAOPANDA NA UPEPO UNAOSHUKA

Mpaka hapa tumeeleza joto, na bado hatujaeleza jangwa. Tuingie jikoni. Sufuria ya maji ikichemka mvuke hupanda, hukutana na kifuniko kilicho baridi, na matone hutokea. Ukiinua kifuniko maji yanadondoka. Karibu na ikweta jua huipasha ardhi na bahari, hewa yenye unyevu hupanda juu, na huko juu hupoa kwa sababu inatanuka. Ikipoa haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote. Mawingu hujengeka na mvua hunyesha, mara nyingi mchana jua likishapinduka. Hii ndiyo mvua ya Kongo.

Hewa ile iliyokwisha kumwaga maji yake haibaki pale. Inasukumwa huko juu kuelekea kaskazini na kusini, na ikifika karibu na nyuzi 30 kila upande inashuka. Anayepiga pampu ya baiskeli anajua kwamba hewa ikibanwa hupata moto. Hewa inayoshuka nayo hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, ikapata joto, na hewa ya joto hunywa unyevu badala ya kuutoa. Mawingu hayajengeki na mbingu hubaki nyeupe. Mwingereza George Hadley alieleza mzunguko huu wa hewa mwaka 1735, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Tazameni sasa ramani. Kaskazini, katika eneo hewa inaposhuka, mtaikuta Sahara na majangwa ya Bara Arabu. Kusini mtaikuta Kalahari na majangwa ya Australia. Makka iko kwenye nyuzi 21 kaskazini, ndani ya ukanda huo, na kwa wastani hupata mvua ya takriban milimita 100 tu kwa mwaka. Pwani yetu kuna miji inayopata zaidi ya milimita 1,500. Mtoto yule alisema Makka ni jangwa kwa sababu ya jua. Jibu sahihi ni kwamba hewa yake inashuka, na ya Kongo inapanda.

Mzunguko huu haukai mahali pamoja. Ukanda wa hewa inayopanda hulifuata jua linapohama kaskazini na kusini kwa majira. Ndiyo maana masika yetu huja baada ya jua kupita utosini mwezi wa Machi, na vuli huja baada ya kupita tena mwezi wa Oktoba. Wazee wetu walijua mpangilio huu kwa mazoea ya kilimo na ya kusafiri kwa kaskazi na kusi, nasi leo tunajua na sababu yake.

SAFARI YA MSTARI MMOJA

Ili kuziona kanda za uoto kwa mpangilio wake, tusafiri kwa ramani. Wekeni kidole juu ya Kisangani, Kongo, kwenye nyuzi 25 mashariki, karibu kabisa na ikweta. Kisha mpande moja kwa moja kuelekea kaskazini bila ya kupinda. Mtapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Darfur ya Sudan, mpaka wa Libya na Misri, kisiwa cha Krete, Bulgaria, Romania, Belarus na nchi za Baltiki, mpaka Helsinki na ncha ya kaskazini ya Norway. Mstari mmoja, na karibu kanda zote kubwa za dunia.

Msitu wa mvua. Kisangani hakuna baridi na hakuna kiangazi kirefu. Mmea hauna haja ya kupumzika. Kinachokosekana ni mwanga, basi miti hushindana kwa urefu na kufika mita 40 na zaidi, na chini ya msitu hufika sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua. Majani mengi yana ncha ndefu ya kuchuruzisha maji. Jani likianguka huoza upesi kwa joto na unyevu, na mizizi hukinyonya chakula kile papo hapo. Kwa hiyo utajiri wa msitu uko katika miti yenyewe, na udongo wake mara nyingi ni maskini. Watu wakiukata na kuuchoma hupata mavuno mazuri kwa misimu michache, kisha ardhi huchoka.

Savana. Tukipanda kaskazini mvua inakuwa ya msimu mmoja, na kiangazi kinarefuka kadiri tunavyokwenda. Hapa mti peke yake haushindi. Nyasi huota upesi mvua ikija, na kiangazi kikiingia hukauka juu huku uhai wake umebaki karibu na ardhi, ambako moto na meno ya wanyama havifiki kirahisi. Mgunga una vijani vidogo na miba. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake na kupukutisha majani wakati wa ukame. Wanyama nao huifuata mvua, na sisi Afrika Mashariki tunalijua hili kwa nyumbu wa Serengeti na Masai Mara.

Sahel na Sahara. Wanafunzi wa Kiarabu wataitambua kalima ya Sahel. Ni saahil, yaani ufuko, na wingi wake, sawaahil, ndio uliotupa jina la Waswahili. Sisi ni watu wa ufuko wa bahari, na wao ni watu wa ufuko wa jangwa. Huko mvua ikipungua kidogo tu madhara yake ni makubwa, kama ilivyotokea katika ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea mpaka miaka ya 1980, ukaua watu na mifugo mingi. Kaskazini ya hapo ni Sahara, kiasi cha kilomita za mraba milioni 9. Mimea yake ina njia mbili za kuishi. Mingine hupeleka mizizi chini sana na kupunguza majani yake. Mingine hubaki mbegu ndani ya mchanga, pengine kwa miaka, na mvua ikinyesha huota, huchanua na kuzaa upesi kabla unyevu haujakwisha. Usiku wa jangwa huwa wa baridi, kwa kuwa hakuna mawingu wala unyevu wa kulizuia joto la mchana lisipande na kupotea.

Ukanda wa Mediterania. Pwani ya Afrika ya Kaskazini na kisiwa cha Krete hupata mvua nzuri katika majira ya baridi, lakini kiangazi chao ni kikavu. Hapa mnaiona nguvu ya lile jambo la tatu, yaani wakati. Joto na maji vipo vyote viwili ila havikutani. Mti unaofaa mahali hapo ni ule wenye jani dogo, gumu, lisilopoteza maji ovyo, na mfano wake ni mzeituni. Rasi ya Afrika Kusini, kwenye Cape Town, ina tabia hiyo hiyo ya nchi, na vichaka vyake vina majani madogo magumu vile vile, japo ni mimea ya ukoo mwingine kabisa.

Msitu unaopukutika na stepi. Romania na Belarus zina mvua ya mwaka mzima na majira manne. Mialoni na wenzake huvaa majani wakati wa joto na kuyatupa kabla ya baridi. Watoto wengi hudhani miti hiyo inaogopa baridi tu. Ukweli ni kwamba inaogopa kiu pia. Maji ya ardhini yakiganda mizizi haiwezi kuyanywa, na jani pana lingeendelea kuyapoteza. Basi mwaloni wa Ulaya hupukutika kwa sababu inayokaribiana na ya mbuyu wetu. Tukienda mashariki ya mstari wetu, kuingia Ukraine na kuendelea mpaka Kazakhstan, tunazidi kuwa mbali na bahari. Mvua haitoshi kwa msitu wala si haba kama ya jangwa, na hapo zimeenea nyanda za nyasi ziitwazo stepi. Mizizi ya nyasi iliyooza kwa maelfu ya miaka ndiyo iliyotengeneza udongo mweusi unaozaa ngano nyingi ya dunia.

Taiga na tundra. Kaskazini ya Helsinki ni misonobari na jamii zake. Majani yake ni kama sindano yenye nta, hayapotezi maji, na hayatupwi yote kwa pamoja, ili mti uanze kazi mara tu jua likirudi. Umbo lake la mchongoko huiteremsha theluji isivunje matawi. Ukanda huu, taiga, unaizunguka dunia kwa kupita Urusi na Kanada, na ndio msitu mpana kuliko yote ya nchi kavu. Huko Siberia baridi imewahi kuteremka chini ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Mwishoni kabisa, ambako hata mwezi wenye joto zaidi wastani wake haufiki nyuzi 10, mti hauwezi kumaliza kazi yake ya mwaka. Hapo inaanza tundra, nchi ya kuvu, nyasi fupi na vichaka vinavyolala chini. Sehemu kubwa ya ardhi ya tundra ya Siberia na Alaska imeganda chini kwa chini mwaka mzima.

SAFARI ILE ILE KWA MIGUU

Anayeshindwa kwenda Norway anaweza kwenda Moshi. Kila tunapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Chini kuna nyika ya savana, juu yake migomba na kahawa, kisha msitu wa mvua, kisha vichaka vya baridi, kisha jangwa la mawe, na kileleni barafu. Mtu hupita kwa siku chache kanda ambazo kwa upana wa dunia zingemchukua maelfu ya kilomita. Mjerumani Alexander von Humboldt aliliona jambo hili mwaka 1802 alipopanda mlima Chimborazo wa Ecuador pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland. Aliandika mimea ya kila kimo na joto lake, akaonesha kwamba kupanda mlima wa ikweta ni kama kusafiri kuelekea ncha ya dunia.

Hapa tusahihishe dhana moja. Wengi husema maji ya mito ya Kilimanjaro yanatoka kwenye barafu. Sehemu kubwa sana ya maji hayo inatokana na mvua na ukungu wa ule ukanda wa msitu. Kileleni ni pakavu.

MTI NAO HUJIBU

Mpaka sasa tumesema tabia ya nchi huamua mimea. Je, mimea nayo ina kauli yoyote? Tukaitazame Dhofar, kusini ya Oman, nchi ambayo jamaa za wengi wetu wa pwani wanaijua.

Mkoa ule umezungukwa na ukavu, na nyuma yake liko jangwa la Rub' al-Khali. Lakini kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wetu wa kusi, uliovuka ikweta na kupinda kuelekea Bara Arabu, hufika huko umebeba unyevu. Mbele ya pwani ya Dhofar maji ya baharini huwa baridi katika miezi hiyo, kwa hiyo hewa ile hupoa na kuwa ukungu. Milima iliyo nyuma ya mji wa Salalah huuzuia ukungu usipite. Wenyewe huyaita majira hayo kharif, na milima hugeuka kijani kibichi. Upande wa pili wa milima hiyo hiyo, ambako ukungu haufiki, ni nchi kavu ya miti ya ubani. Mlima mmoja, nyuso mbili.

Mvua inayopimwa kwa chombo katika majira hayo ni manyunyu tu. Maji mengi yanayoupa msitu ule uhai hukamatwa na miti yenyewe. Ukungu unapopita kati ya matawi, vitone hushika kwenye majani, huungana, na kudondoka chini. Mti una majani mengi yaliyosimama hewani, kwa hiyo hukamata zaidi kuliko nyasi fupi. Sasa fikirini: miti ikikatwa, au miche yake ikiliwa na ngamia na mbuzi wengi kupita kiasi, ukungu utapita vile vile kila mwaka lakini hakutakuwa na wa kuukamata. Ardhi itapata maji machache, na mche mpya hautapata maji ya kukulia. Msitu uliopotea hapo ni vigumu kurudi wenyewe, ingawa upepo ni ule ule. Malisho ya kupita kiasi ni tatizo linalojulikana Dhofar leo.

Kongo na Amazon nako miti hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani kwa majani, na sehemu ya mvua ya misitu hiyo ni maji hayo yanayorejea. Basi yule anayesema, "Mvua ni ya Mungu, mti wangu mmoja una kosa gani?" tunamwambia kwa upole kwamba mvua kweli ni ya Mwenyezi Mungu, na miti nayo ni katika sababu alizoziweka. Kwenye milima ya ukungu kama ya Dhofar, anayekata mti amekata mfereji.

KANDA ZIKIHAMA

Kanda hizi si za milele. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, Sahara ilikuwa na maziwa, nyasi na mifugo. Katika miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, watu wa kale wamechora ng'ombe wao mahali ambapo leo ni mawe na mchanga. Sababu ilikuwa mabadiliko ya taratibu ya namna dunia inavyolielekea na kulizunguka jua, yaliyozivuta mvua kaskazini kisha zikarudi.

Mabadiliko ya leo ni ya haraka zaidi, na sababu yake kubwa ni moshi wa mafuta, makaa ya mawe na gesi tunavyochoma, pamoja na ukataji wa misitu. Joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyoutangulia tangu vipimo kuanza. Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na mwaka 2000. Picha za barafu ile huwahuzunisha watu, lakini jambo zito zaidi kwa wanaoishi chini ya mlima ni moto. Ukavu umeongeza moto katika sehemu za juu, na mwezi wa Oktoba 2020 dunia nzima iliuona mlima ukiwaka. Moto wa namna hiyo umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu, na tumekwisha kusema msitu ndio wenye maji.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuuzuia upepo unaoshuka juu ya Makka wala kuuongeza unaopanda juu ya Kongo. Yapo yanayotuhusu. Tusikate miti ya vilimani na kandokando ya chemchemi, kwa sababu pale ndipo mti unapofanya kazi mara mbili. Tunapopanda, tupande mti unaolingana na mvua ya mahali petu, maana mti wa nchi ya mvua nyingi ukiupanda nchi kavu utakufa au utawanyang'anya wengine maji. Na tusiidharau nyika kwa kudhani kuwa ni msitu ulioshindwa. Nyasi zake ni jibu sahihi la nchi yenye kiangazi kirefu.

Tulirudi kwa yule bibi na jibu letu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe kusi linalotupa baridi hapa barazani ndilo linalokwenda kuwapa wao majani." Hatukuwa na la kuongeza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Simamisha kijiti cha mita 1 uani na upime kivuli chake kifupi kabisa cha siku, mara moja kila Ijumaa kwa muda wa miezi mitatu. Kinarefuka au kinafupika? Kinaelekea upande gani?

2. Andika siku zote za mvua za mwaka huu. Ni wiki ngapi zilipita tangu jua lilipokuwa utosini mpaka masika yalipoanza?

3. Kwa nini mwaloni wa Ulaya na mbuyu wa kwetu hupukutisha majani katika majira tofauti?

4. Muulize mzee wa nyumbani kwenu: ni kilima au bonde gani hapa petu lililokuwa na miti na maji alipokuwa mdogo, na sasa likoje?

Majibu ya swali la nne tutafurahi kuyapokea kwa maandishi ofisini kwa walimu, ili tuyachape katika toleo lijalo, Inshaallah.